Kumbukumbu ya mradi wangu: kutafuta bunduki ya upepo ya bei nafuu kwa ajili ya panya wa uani

Siku ya 1

Asubuhi nimekuta gunia la chakula cha kuku limetobolewa kwa pembeni, punje zimemwagika mstari mmoja hadi chini ya ukuta wa nyuma. Kando yake kuna kinyesi kinene chenye ncha butu, kama sentimita 2 kila kipande. Hao si panya wadogo wa ndani. Ni wale wakubwa wa mashimoni, na hawako wawili watatu.

Mitego nilishaitega mwezi uliopita. Ilinasa wawili usiku wa kwanza, baada ya hapo wenzao wakawa wanaizunguka. Panya hakiamini kitu kipya kwenye njia yake. Sumu siitaki kabisa. Ile inayozuia damu isigande humchukua panya siku kadhaa kufa, na siku hizo zote anajikokota hovyo, anakuwa windo rahisi la paka na bundi, na sumu inahamia kwao. Kuna bundi anayetua juu ya mti wangu karibu kila usiku. Huyo ni mwenzangu katika kazi hii, sitamuua kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nimeamua kutafuta bunduki ya upepo. Bajeti ni ndogo, na humo lazima ziingie bunduki yenyewe, risasi zake na mahali salama pa kufyatulia.

Siku ya 3

Kabla ya kuangalia bunduki yoyote nimekwenda kuuliza sheria, na nasisitiza kila mtu aanzie hapo. Nchi hazifanani hata kidogo. England na Wales bunduki ndefu ya upepo haihitaji cheti maalumu cha silaha mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kitu. Ujerumani mpaka wa zile zinazouzwa kwa mtu mzima bila kibali ni jouli 7.5 tu, na lazima iwe na alama ya herufi F ndani ya pembe tano. Nchi nyingine zinaihesabu kama silaha kamili. Na hata pale inaporuhusiwa kumiliki, unaweza kukatazwa kufyatua ndani ya eneo la makazi, au karibu na njia ya umma. Mimi nimeuliza mambo matatu: kumiliki, kufyatua uani, na kuua panya kwa njia hii. Majibu yote matatu yalipokuwa mazuri ndipo nikaendelea.

Wapo watakaosema hiki ni kitu cha watoto. Jeshi la Austria lilitumia bunduki ya upepo ya Girardoni tangu karibu mwaka 1780, na msafara wa Lewis na Clark uliovuka Marekani kati ya 1803 na 1806 ulibeba moja. Hii ninayoitafuta ni dhaifu zaidi, lakini jicho la mtu inaweza kulitoa.

Siku ya 6

Aina za mitambo. Nimekaa nazo usiku mzima.

Zile za kujazwa hewa ya msukumo mkubwa kabla, bar 200 hadi 300, ndizo tulivu na zenye shabaha nzuri kuliko zote. Lakini zinataka pampu yake maalumu au mtungi, na gharama hiyo inaweza kuipita ya bunduki. Zimeondoka mezani. Za kopo la gesi ya kaboni dioksidi la gramu 12 zinafyatua haraka, ila kila kopo ni pesa, na baridi ikizidi nguvu inashuka. Zimeondoka pia. Za kupampu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kila risasi zilinivutia kweli: bei ndogo, hazirushi teke, unaamua nguvu kwa idadi ya pampu. Kilichonizuia ni kelele ya kupampu na muda unaopotea. Panya wa pili hatakusubiri upampu mara nane.

Nimebaki na ile ya springi, unayoivunja katikati kwa kushusha mtutu: tendo hilo linakoki springi na kufungua mahali pa kuwekea risasi. Haihitaji kitu kingine chochote, na iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka mingi.

Siku ya 7

Kuhusu kasi inayoandikwa kwenye maboksi. Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea, kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Nguvu kwa jouli ni nusu ya uzito (kwa kilo) mara kasi mara kasi. Chukua risasi ya aloi nyepesi ya gramu 0.35 inayotoka kwa mita 300 kwa sekunde: jouli 15.8. Chukua ya madini ya risasi ya gramu 0.55 kwa mita 240: jouli 15.8 vilevile. Namba ya kwanza inapendeza kwenye tangazo, lakini panya anapokea kitu kilekile, na nyepesi inapoteza kasi mapema zaidi njiani. Ukiipeleka karibu na kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, inaanza kuyumba, na ikiipita inapasua hewa kwa mlio ambao mtaa mzima utausikia. Mimi nataka utulivu na shabaha.

Kipenyo: nimechagua milimita 5.5 badala ya 4.5. Ya 4.5 huruka kwa mstari ulionyooka zaidi na risasi zake ni nafuu. Lakini umbali wangu mrefu kabisa uani ni mita 18, na kwa umbali huo tofauti ya mstari ni ndogo mno. Ya 5.5 ni nzito, inamwangusha panya pale alipo, na vidole vyangu vinaishika bila kuidondosha gizani.

Siku ya 12

Rahisi ghali, wanasema, lakini chombo kilichotumika na kutunzwa si rahisi wa aina hiyo. Nimepata ya springi, 5.5, kitako cha mbao chenye mikwaruzo, mtutu safi. Kabla sijatoa pesa nimeikagua hivi.

Nimeikoki, nikashika mtutu na kuusukuma kushoto na kulia pale kwenye bawaba: haukucheza. Muda wote huo mkono mmoja haukuuachia mtutu. Kifyatulio kikiteleza wakati mtutu uko chini, unarudi juu kwa nguvu yote ya springi na kuondoka na vidole. Kisha tumeiweka risasi, tukafunga, na nikalaza kipande cha karatasi laini ya choo juu ya maungio ya mtutu. Nikafyatua kwenye gogo laini lenye kichuguu cha udongo nyuma yake. Karatasi haikutikisika. Maana yake sili, yaani mpira wa kuzuia hewa isivuje pale kwenye maungio, inafunga sawasawa na hewa yote inakwenda nyuma ya risasi. Ingeruka, ningeomba punguzo au kuondoka.

Kamwe sikuifyatua tupu. Bila risasi mbele hakuna kitu cha kuibana hewa, na pistoni, ile inayosukumwa na springi, inagonga mwisho kama nyundo.

Siku ya 13

Nimejenga kizuizi kabla ya kufyatua hata moja nyumbani. Kreti imara, nyuma ubao wa sentimita 4, ndani matambara na mabaki ya mpira yaliyoshindiliwa, mbele kadibodi ya kubadilisha. Nimekiegemeza kwenye kona ambako nyuma yake ni udongo uliopanda. Miwani ya kinga ni lazima, kwangu na kwa yeyote aliyesimama karibu. Vile vidunge vya duara vya chuma sitavitumia: vinadunda na kurudi, na vinakwangua michirizi ya ndani ya mtutu.

Siku ya 15

Matokeo mabaya. Mita 15, risasi kumi, matundu yametawanyika sentimita 6. Panya nataka nimpige kichwani, mahali penye upana wa sentimita 2 tu. Kwa hali hii ningemjeruhi, akafie ukutani kwa mateso. Sitafyatua kwa kiumbe hai mpaka karatasi iniruhusu.

Siku ya 19

Nimegundua mawili.

La kwanza, skrubu mbili za mbele za kitako zilikuwa zimelegea. Bunduki ya springi hujitikisa yenyewe kila risasi. Nimezikaza, na sasa bisibisi inakaa mfukoni kila nikitoka.

La pili ni namna ya kushika. Nilikuwa naikumbatia kwa nguvu na kuilaza mbele juu ya tofali. Springi inapoachiwa bunduki inaruka nyuma, halafu pistoni inagonga na kuisukuma mbele, na yote hayo risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana, kila mara inaruka tofauti kidogo. Sasa naweka kiganja wazi juu ya mfuko wa mchanga, kitako kinakaa juu ya kiganja bila vidole kukizunguka, na bega linaigusa tu. Naiacha iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Mtawanyiko umeshuka hadi sentimita 2.5 siku hiyohiyo. Nimekaa chini nikaitazama ile karatasi kwa furaha.

Siku ya 24

Nimejaribu risasi za aina nne, ishirini ishirini. Zenye ncha kali zimetawanyika kuliko zote. Kichwa bapa nzuri mita 10, zinalegea kwenye 18. Zilizoshinda ni za kichwa mviringo, gramu 0.93: sentimita 1.5 kwa mita 15. Rafiki mwenye kipima kasi ameniazima jioni moja: wastani mita 178 kwa sekunde, yaani jouli 14.7. Inatosha kabisa. Mikono naiosha kwa sabuni kila nikimaliza, kwa sababu ya madini ya risasi.

Darubini ya kawaida ya bunduki za baruti siiweki. Teke la pande mbili la springi huivunja ndani, na nyingi zimepangiwa mita 90 na zaidi, kwa hiyo vya karibu vinaonekana ukungu. Nimenunua ndogo iliyotengenezwa kwa bunduki za upepo, inayorekebishika hadi mita 9.

Siku ya 26

Darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, nami nimeipanga mita 20. Kwa mita 8 risasi inapiga karibu sentimita 1 chini ya nilipolenga, kwa mita 5 karibu 2. Kwa panya hiyo ndiyo tofauti ya ubongo na taya. Nimeandika vipimo hivyo kwenye kipande cha plasta na kukibandika kitakoni.

Siku ya 29

Panya alitoka saa moja jioni, akasimama juu kabisa ya ukuta, mita 11, akinitazama. Nyuma yake kulikuwa na anga na paa la jirani. Nikashusha mtutu. Kesho yake mama jirani aliniambia, "Mwanangu, nilikuona umeinua hicho kitu ukakishusha." Nikamweleza kwamba sitafyatua kamwe kuelekea kwake, nikamwonyesha kona ya kizuizi. Ameridhika, na ameahidi kufunika pipa lake la taka.

Siku ya 33

Wa kwanza. Panya hupita wakigusa ukuta kwa masharubu, kwa hiyo nilimwaga punje chache mbele ya kizuizi, mita 12 kutoka kiti changu, na taa nyekundu dhaifu juu. Nilisubiri dakika arobaini. Alikuja, akaketi, akashika punje kwa mikono miwili. Risasi moja, hakusogea. Nimemchukua kwa glavu na kumfukia kwa kina, mbali na kuku.

Siku ya 41

Jumla sita. Cha maana zaidi, kukaa kimya jioni hizo kumenionyesha wanakotokea: ufa chini ya zege la banda, upana wa vidole viwili. Nimeujaza nyuzi za chuma na saruji, na chakula cha kuku sasa kiko kwenye pipa la bati. Usiku mbili hakuna aliyetoka.

Leo nimerudia ile karatasi laini juu ya maungio ya mtutu, baada ya risasi kama mia sita. Imetikisika kidogo. Bunduki nimeifungia kabatini, na kesho nabadilisha sili.