Nilivyowapangia kazi waliotaka kumfariji dada yangu

Dada yangu alipoanza tibakemikali, yaani dawa kali za kutibu saratani, hatukupungukiwa na wafariji. Tulipungukiwa na watu wa kufua mashuka. Kila aliyeingia alimwambia akaze moyo, na wapo waliomsimulia hata habari za jirani aliyefariki kwa ugonjwa huo huo, kisha wakaaga kwa kusema, "Mkihitaji chochote, msisite." Nikaamua kutosita.

Niliorodhesha katika daftari kazi zote za wiki: kumsindikiza hospitali, kuwachukua watoto shuleni, kufua, kuosha vyombo, hata kukaa naye bila kumuuliza swali lolote. Aliyetamka ile kauli nilimfungulia ukurasa, nikampa kalamu achague mwenyewe. Mjomba mmoja, bingwa wa nasaha ndefu, aliipitia orodha yote akitafuta kazi ya kuzungumza. Alipoikosa akachagua vyombo, na sijapata kuona masufuria yakisuguliwa vile. Wengine hawakurudi tena, nao kwa kutorudi walimpa mgonjwa nafasi ya kulala.

Maendeleo yake niliyatangaza mimi, kwa ujumbe mmoja kwa ukoo mzima, ili asirudie maelezo yale yale kwa kila mpiga simu. Chakula kilipoanza kuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake, nilimpa vijiko vya mbao, nikamwandalia chakula kilichokwisha kupoa, kwa sababu harufu ya chakula cha moto ndiyo iliyokuwa ikimchefua.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni kwamba homa ikipanda usiku apewe dawa ya kuituliza hadi asubuhi. Tibakemikali hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya maambukizi, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi yanayoingia wakati huo yanaweza kuua upesi. Ukiishusha homa, umeficha kitu ambacho mara nyingi ndicho dalili pekee. Tulikwisha kuelezwa kwamba nyuzi 38 ni za kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Kipimajoto kilipoonyesha 38.3 usiku wa manane, mshauri wetu alikuwa bado anahimiza tungoje kukuche, ilhali mjomba wa masufuria ameshawasha gari. Pale mapokezi nilitamka kabla ya salamu kwamba mgonjwa yuko kwenye tibakemikali, nikaonyesha jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho katika daftari, tukapitishwa mbele ya foleni, akaanza kupewa antibayotiki kwa njia ya mshipa.