Upana wa Tairi Huanzia Kwenye Rimu

Seti ya kwanza ya matairi mapana niliyoinunua ilikaa kwenye gari langu kwa miezi minne tu, na sikuiondoa kwa sababu imeisha. Gari lenyewe ni Toyota 86, ambalo naliendesha kila siku kwenda kazini na kurudi, jua liwake au mvua inyeshe, na lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya 215/45R17 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita) juu ya rimu zenye upana wa inchi 7. Nilipotaka mshiko zaidi, nilimwomba fundi anifungie 245/40R17 kwenye rimu zilezile, naye akafunga bila kuniuliza lolote. Ukilitazama kwa nyuma, gari lilipendeza mno. Barabarani mambo yalikuwa tofauti: kila nilipogeuza usukani palipita kitambo kifupi kabla gari halijaitikia, likayumba kwanza kama lililokaa juu ya godoro, ndipo likaelekea nilikotaka, na katika kona ndefu nilijikuta narekebisha usukani mara mbili au tatu mahali ambapo zamani nilikuwa nikiushika tu na kupita.

Sababu niliielewa baadaye, na ndiyo ninayotaka kumweleza yeyote anayefikiria kupanua matairi ya gari la spoti analolitumia kila siku. Kila saizi ya tairi ina kiwango cha upana wa rimu inachokubaliana nacho. Saizi ya 245/40R17 imekusudiwa rimu za inchi 8 hadi 9.5, na upana wake rasmi hupimwa ikiwa juu ya rimu ya inchi 8.5. Ukiifunga kwenye rimu ya inchi 7, ukingo wa tairi unabanwa ndani, mbavu zinatuna nje ya rimu, na uso unaogusa lami haukai bapa jinsi ulivyobuniwa. Ubavu uliotuna hulazwa kwa urahisi na nguvu ya kona, na kule kuyumba nilikokusimulia ni ubavu unaolala kabla ya uso wa tairi kuanza kuvuta. Kwa hiyo tairi la 225 lililokaa sawasawa kwenye rimu yake litakupa usukani ulio makini kuliko la 245 lililobanwa, na ni jambo la usalama pia, kwa sababu tairi lililofungwa nje ya kiwango chake halina dhamana ya kubaki mahali pake unapokata kona kwa nguvu.

Upana wenyewe unaleta nini basi? Wengi wetu tuliamini kwamba tairi pana linagusa barabara kwa eneo kubwa zaidi, na kwamba mshiko unaongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Hesabu haikubali moja kwa moja. Eneo la mguso hutegemea zaidi uzito ulio juu ya gurudumu na upepo uliomo ndani: gari la kilo 1,250 linaweka takriban kilo 310 kwenye kila gurudumu, na kwa upepo wa PSI 35 (pauni kwa kila inchi ya mraba) eneo hilo ni kama sentimita za mraba 125, ukiacha mchango wa ugumu wa mbavu. Ukipanua tairi bila kubadilisha uzito wala upepo, kinachobadilika zaidi ni umbo la eneo hilo: linakuwa pana na fupi, badala ya jembamba na refu. Umbo hilo ndilo linalosaidia kwenye kona, kwa kuwa mpira unafanya kazi kwa usawa zaidi kabla sehemu ya nyuma ya mguso haijaanza kuteleza, na joto linasambaa kwenye mpira mwingi zaidi. Faida ipo, nami naiheshimu, lakini ni ndogo kuliko picha iliyomo vichwani mwetu.

Faida kubwa iko kwenye mchanganyiko wa mpira. Gari langu ni mfano mzuri, kwa sababu lilipotoka mwaka 2012 watengenezaji walilifunga Michelin Primacy HP, tairi la utulivu na la kudumu, kwa makusudi kabisa, ili dereva ahisi gari linavyoteleza na kurudi katika mwendo wa kawaida badala ya kusubiri mwendo wa hatari. Naupenda uamuzi huo hadi leo. Lakini una maana kwamba mtu anayetoka kwenye tairi la aina hiyo na kuhamia kwenye tairi la spoti la saizi ileile, bila kuongeza hata milimita moja, atasikia tofauti kubwa katika breki na katika kona. Mimi niliruka hatua hiyo. Nilinunua upana kwanza, nikachagua tairi la bei nafuu ili niumudu, na nikapata mpira wa kawaida uliosambazwa mahali papana.

Ukitaka kujua mpira ulivyo, anza na namba iliyochorwa ubavuni baada ya neno TREADWEAR, inayotokana na mfumo wa Marekani wa kulinganisha uchakavu wa tairi na tairi la rejea lililopewa 100; namba ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Michelin Pilot Sport 4S ina 300, Continental ExtremeContact Sport ilipewa 340, na Bridgestone Potenza RE-71R, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kwenda kwenye uwanja wa mbio, ina 200. Namba hizo hutolewa na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo usizitumie kama mizani ya kulinganisha kampuni moja na nyingine. Zitumie kujua tairi liko kundi gani. Kwa gari la kila siku mimi nabaki kwenye kundi la 300 na kupanda kidogo. Tairi la 200 linahitaji joto ili lifanye kazi yake, na safari ya dakika ishirini yenye foleni hailipatii joto hilo. Linaokota kokoto na kuzirusha kwenye madigadi, linaunguruma, na linakwisha haraka. Wanaoishi mahali penye baridi wanapaswa kukumbuka jambo la ziada, kwamba matairi ya spoti ya kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na hapo upana wowote hausaidii.

Kuhusu mvua nitakaa kidogo, maana ndiko nilikoogopa. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, na kwa kuwa mguso wake ni mfupi, lina muda mchache zaidi wa kuyatoa kabla mpira haujafika kwenye lami. Jioni moja, matairi yale ya 245 yakiwa yamekwisha nusu, niliingia kwenye dimbwi lililotanda upande mmoja wa barabara nikiwa katika mwendo niliouona wa kawaida, na usukani ukawa mwepesi ghafla kama uliofunguliwa nati. Sikukanyaga breki. Niliachia mafuta polepole, nikaushika usukani ulivyokuwa, na baada ya kitambo nilichokiona kirefu sana mshiko ukarudi. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na sheria za nchi nyingi huruhusu litumike hadi milimita 1.6, lakini kwa tairi pana kungoja hadi hapo ni kuchezea maisha. Mimi nabadilisha nikifika milimita 3. Kwenye dimbwi tairi linaweza kuwa mbali sana na kipara na bado likaelea juu ya maji. Unapochagua, tazama mifereji inayozunguka tairi zima, iwe mipana na isiyo michache, na katika nchi zinazotumia lebo ya Umoja wa Ulaya soma herufi ya mshiko kwenye maji kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Baada ya hapo ni hesabu, na ni nyepesi. Katika 225/45R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo kinakuwa milimita 101.25, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 634, wakati 215/45R17 ya kiwandani ina 625. Tofauti ni asilimia 1.4: mita ikionyesha 100, gari linakwenda zaidi kidogo kuliko lingekwenda na matairi ya zamani, jambo ambalo si baya sana kwa sababu mita nyingi huonyesha mwendo ulio juu ya ule halisi, lakini mimi sipendi kuvuka asilimia 2. Mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne awe mkali zaidi, na ahakikishe tofauti ya kipenyo kati ya mbele na nyuma haibadiliki.

Ukibadilisha rimu, pima pia nafasi. Kila inchi moja unayoiongeza kwenye upana wa rimu, ofuseti (umbali kwa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari) ikibaki ileile, inasogeza ukingo kwa milimita 12.7 kuelekea shokomzoba na milimita 12.7 kuelekea madigadi. Mimi nilihama kutoka inchi 7 zenye ofuseti ya 48 hadi inchi 8 zenye ofuseti ya 45, kwa hiyo ukingo ulisogea ndani milimita 9.7 na nje milimita 15.7. Pima gari likiwa limeinamishwa na usukani umekatwa hadi mwisho, kwa kuwa tairi lisilogusa kitu gari likiwa limesimama linaweza kugusa ukipita kwenye tuta ukiwa na abiria nyuma.

Kelele zitaongezeka, mafuta yatatumika kidogo zaidi, na usukani utapenda kufuata mifuo iliyochimbwa na malori kwenye lami. Nayavumilia yote matatu.

Leo gari linatembea juu ya 225/45R17 kwenye rimu hizo za inchi 8, ongezeko la milimita 10 tu juu ya kiwanda, na ndilo gari bora kuliko nilivyowahi kulijua. Nilichagua tairi lenye namba 91W, yaani kilo 615 kwa kila tairi na mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa, wakati la kiwandani lilikuwa 87W, kilo 545. Kupanda ni sawa, kushuka chini ya kiwanda si sawa kabisa. Kabla hayajafungwa nilisoma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyoko ubavuni mwa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikakataa moja lililokuwa limekaa ghalani miaka minne zaidi kuliko wenzake. Kisha nikafanya alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) upya siku hiyohiyo, nikaendesha kwa upole kilomita mia chache za mwanzo hadi ule utelezi wa tairi jipya ulipokwisha, na tangu hapo napima upepo kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla gari halijatembea.