Jumatano ya dozi ya sita

Leo nimemaliza dozi ya sita ya dawa ya saratani ya kibofu, ya mwisho katika raundi hii ya kwanza. Ni saa tatu usiku. Tangu mchana nakwenda msalani na kurudi, mke wangu amenipikia uji, na sasa nimepata nguvu kidogo za kukaa na kuandika. Nataka kuyaandika haya yakiwa bado mabichi, kwa sababu mambo ya mkojo watu wetu hatuyazungumzi. Hapa Toronto hatuyazungumzi na kule Unguja hatuyazungumzi, na mtu anaingia kwenye matibabu haya hajui kinachomngoja.

Saratani yangu ni ya kibofu cha mkojo, ya aina ambayo haijaingia kwenye msuli wa kibofu. Daktari aliukwangua uvimbe kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, kisha tukakaa wiki kadhaa kusubiri kidonda kipone. Saratani hii ina tabia ya kurudi, na ndiyo maana wanaongeza BCG, tiba ya kuiamsha kinga ya mwili ndani ya kibofu chenyewe. Kusubiri si jambo la kuharakishwa. BCG ni vijidudu hai, na kidonda kikiwa kibichi vinaweza kupenya kwenye damu.

Wiki ya kwanza mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani.

"Kaka, nasikia wanakutia dawa ya TB. Wamekukuta na kifua kikuu?"

"La, sina. Ni ile chanjo wanayochanjwa watoto wachanga. Mimi wananitia kwenye kibofu."

"Kwenye kibofu? Kwa sindano?"

"Kwa mpira mwembamba, unapitishwa njia ya mkojo."

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama theluji imeshaanza.

Ni chanjo ile ile kweli. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walikichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe wakakiotesha upya mara 230, kuanzia 1908 hadi 1921, juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe, mpaka kikapoteza ukali wake. Ikawa chanjo. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales na wenzake, katika mji wa Kingston, jimbo hili hili la Ontario ninaloishi, wakachapisha habari za wagonjwa tisa wa saratani ya kibofu waliotiwa chanjo hiyo kwa mpira. Walitia mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Sita ilitokana na pakiti ya chanjo wakati ule, iliyokuwa na chupa sita. Mpaka leo dunia nzima tunapewa sita. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana. Sijui kuieleza faraja yenyewe, ila nilihisi kuna watu walikaa wakafikiri, wakajaribu kwa walichokuwa nacho, na mimi ninakula matunda yake.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda. Asubuhi unapunguza vinywaji, kwa muda wa saa nne hivi kabla ya miadi hunywi kitu, ili mkojo usijae haraka ukashindwa kuizuia dawa. Ukifika unatoa mkojo wa kupima. Wakikuta una maambukizi, au mkojo una damu ya kuonekana kwa macho, dozi inaahirishwa. Mwenzangu mmoja pale kwenye chumba cha kusubiri alirudishwa nyumbani na akaondoka na huzuni. Nilimwelewa, maana mtu umeshajipanga moyoni. Lakini ni kwa usalama wake.

Kisha unalala kitandani. Nesi wangu ni binti wa umri wa mwanangu, na mimi nimelelewa kujisitiri. Niliuliza kama kuna nesi mwanamume. Wakaniambia yupo, ila miadi yangu itasogea. Nikachagua kutochelewesha. Anayetaka kuulizia aulizie, hakuna atakayemwona mkorofi. Yule binti alinisitiri kwa shuka, akafunua panapohitajika tu, akapaka dawa ya ganzi, akasubiri ishike, akaingiza mpira mwembamba huku akiniambia nipumue taratibu. Inachoma kidogo pale mpira unapopita kwenye tezi dume. Halafu dawa inaingia. Ni kama maji ya mchele uliooshwa mara ya kwanza, ujazo wa nusu kikombe cha chai hata haufiki, na unahisi ubaridi chini ya kitovu. Anautoa mpira, basi. Kutiwa dawa kwenyewe ni dakika chache.

Saa mbili zinazofuata ndizo ndefu. Unatakiwa kuizuia dawa ndani. Mimi niliambiwa nijigeuze, mgongo, tumbo, ubavu huu na ule, dawa iguse kila upande. Dozi za mwanzo nilizuia bila taabu. Leo, dakika za mwisho nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda nikivuta uradi.

Ukifika nyumbani, kwa saa sita za mwanzo mkojo wako una vijidudu hai. Unakojoa umekaa, usirushe matone. Hilo kwangu si geni, ndivyo alivyotufunza mama. Kila ukimaliza unamimina jiki chooni, vikombe viwili, unafunika, unasubiri dakika kumi na tano ndipo unavuta maji. Mikono unaosha vizuri, na sehemu za siri pia. Sisi tunaotumia maji baada ya haja tuwe waangalifu na kopo na sakafu. Mimi nimetenga choo kimoja siku hiyo, mke wangu na wajukuu wanatumia kingine. Na wenye ndoa wasione haya kuuliza: wiki hizi za dawa ni kondomu. Nesi alituambia tukiwa wawili, na nilimshukuru kwa kutotufanya tuulize sisi.

Madhara yanapanda kadiri dozi zinavyoongezeka. Dozi ya kwanza sikuona kitu, nikadhani mimi nimejaliwa mwili mgumu. Kuanzia ya tatu ndipo kibofu kilipoanza kulalamika. Mkojo unachoma, unakuita kila baada ya dakika chache, unakwenda yanatoka matone. Rangi inaweza kuwa ya waridi, na vipande vidogo vidogo kama vya nyama vikatoka. Mara ya kwanza nilivyoviona nilimwita mke wangu kwa sauti. Usiku mwili unauma kama homa ya mafua, na kesho yake unakuwa na uchovu usioelezeka. Kwangu siku ya pili jioni huwa inatulia. Panadoli, maji mengi, chupa ya maji ya moto juu ya tumbo, na kulala. Daktari alinieleza kuwa huo ndio mwili wenyewe: chembe za kinga zimekimbilia kibofuni kupambana na vijidudu, na humo humo zinazishambulia seli za saratani. Maumivu hayakupungua kwa kuelezwa hivyo, lakini hofu ilipungua sana.

Lipo moja ambalo si la kuvumilia. Homa ikipita 38.5, au ikikaa zaidi ya siku mbili, au ukatetemeka kwa baridi meno yakagongana, usilale nyumbani. Nenda hospitali na sema mara tu unapofika kwamba umetiwa BCG kwenye kibofu, kwa sababu daktari wa zamu huenda asifikirie, na vijidudu hivi vikiingia kwenye damu hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Hutokea kwa nadra. Mwanangu ameniandikia kikaratasi, nimekiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Sala nayo ilinisumbua akili, maana matone hayana adabu ya wakati. Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu, naye akanijibu bila kuinamisha macho: tawadha kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia, weka pedi, sali, dini haina uzito. Pedi za wanaume zipo dukani. Kuna wazee wanakaa nyumbani wakikosa Ijumaa kwa sababu ya hili, na hakuna aliyewaambia.

Mbele yangu kuna kamera, watakayopitisha kutazama kibofu wiki kadhaa kutoka sasa. Kikiwa safi, nitaingia kwenye dozi za kulinda: tatu tatu, baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili, na kuendelea, kwa wenye hatari kubwa zinaweza kufika miaka mitatu, dawa ikipatikana. Kuna miaka ambayo imekuwa adimu duniani, kwa kuwa watengenezaji ni wachache na vijidudu hivi hukua polepole. Isipofaa, daktari ameshanitajia njia nyingine, na kuondolewa kibofu ni mojawapo. Nimemwomba tusilijadili hilo kabla ya kamera, na amekubali.

Jioni hii mdogo wangu amepiga tena. Safari hii hakuuliza theluji. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, mtu akikojoa damu bila kusikia maumivu, ni kichocho tu au? Nikamuuliza ni nani. Akasema ni shemeji yake, amevuta sigara tangu ujana, na damu imekuja ikapotea tangu mwezi wa Ramadhani. Anakunywa mizizi.

Nikamwambia utotoni wetu tuliwaona watoto wakikojoa damu, ikawa tunaiona jambo la kawaida. Kichocho kinatibika kwa vidonge, lakini kikiachwa miaka nacho huleta saratani ya kibofu, tena ya aina nyingine ambayo BCG haiisaidii. Na sigara ndiyo sababu kubwa ya saratani kama yangu. Kwa vyovyote, mtu mzima akiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, apimwe. Damu kupotea si kupona. Kwangu pia ilipotea.

"Sasa nimwambieje? Ataona haya."

"Mwambie mimi nimetiwa mpira mara sita na nesi wa kike, na nipo hai nazungumza na wewe. Mpe namba yangu."

Amesema atampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja Jumatatu, na kwamba ataingia naye mpaka kwa daktari. Nimemwambia anipigie wakitoka, hata kama kwangu itakuwa usiku wa manane.