Kabla ya Kununua Mashine ya Gemu ya Likizo, Tazama Tundu la CD

Kila shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ndefu ya Desemba, ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile: mtoto anunuliwe PlayStation, Xbox au Nintendo, na kati ya hizo ipi ina nguvu zaidi? Ni swali la maana kwa mzazi aliyeko London au Toronto, ambako duka la mtandaoni la kila kampuni linaitambua nchi yake na kadi yake ya benki. Kwa mzazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala naliona kuwa swali la pili. La kwanza ni namna gemu zitakavyoingia ndani ya mashine hiyo baada ya sikukuu kupita, kwa maana mashine ya shilingi milioni moja na ushei za Tanzania isiyopata gemu mpya hurudi kabatini kabla shule hazijafunguliwa.

Njia za kuziingiza ni mbili: ama CD inayonunuliwa dukani au kwa mtu, ama kupakua kwa intaneti kupitia akaunti. Kwa miaka mingi mnunuzi hakulazimika kuwaza juu ya jambo hilo, kwa kuwa karibu kila mashine kubwa ilikuwa na tundu la CD. Mambo yaligawanyika hasa Novemba 2020, pale PlayStation 5 ilipotoka kwa sura mbili, moja yenye tundu na nyingine iitwayo Digital Edition isiyo nalo, na wiki hiyo hiyo Microsoft ikatoa Xbox Series X yenye tundu pamoja na Xbox Series S isiyo nalo. PlayStation 5 Pro, iliyoanza kuuzwa Novemba 2024 kwa dola 699.99 za Marekani, imekwenda mbali zaidi, kwani ndiyo ya gharama kuliko zote katika familia yake na bado anayetaka CD analazimika kununua kifaa cha kupachika pembeni. Kifaa hicho hicho hukubali pia kwenye Digital Edition nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, ingawa kinahitaji intaneti siku ya kwanza kinapounganishwa. Hakikubali kwenye Digital Edition ya 2020, na hapa ndipo anayenunua iliyotumika anapopaswa kuwa makini, kwa sababu muuzaji anaweza kumwambia kwa nia njema kabisa kwamba tundu litaongezwa baadaye.

Ninaposisitiza tundu sisemi kwamba kupakua ni kubaya. Ninahesabu gharama. Gemu nyingi kubwa za siku hizi huzidi GB 50, na zipo zinazovuka GB 100, ambazo kwa mwenye intaneti ya nyaya nyumbani ni kazi ya usiku mmoja, lakini kwa anayeunganisha mashine kwa bando la simu ni gharama inayoweza kukaribia bei ya gemu yenyewe. CD nayo haikuondolei mzigo wote, kwa kuwa mashine hunakili gemu ndani yake kisha ikaomba masasisho, na zipo CD zilizobeba sehemu ndogo tu ya gemu. Hata hivyo, kwa gemu nyingi, mzigo mkubwa unakuwa umekwisha kufika ndani ya kasha.

Ugumu wa pili ni akaunti, na huu hausemwi dukani. PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ina orodha yake ya nchi inazozitambua, na katika Afrika kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini tu iliyomo; Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Wengi waliliona jambo hili wazi Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 wanaotumia kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation, na gemu hiyo ikaondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambazo huduma hiyo haijafika. Kwa upande wa mashine zenyewe, wachezaji wa huku hufungua akaunti kana kwamba wanaishi Uingereza, Marekani au Falme za Kiarabu, jambo ambalo masharti ya kampuni hayaliruhusu na ambalo kila mmoja analijua. Nisiwe mnafiki, hata mimi sioni njia nyingine iliyo wazi. Ila mzazi ajue matokeo yake: nchi ya akaunti ikishachaguliwa haibadilishwi, kadi ya benki ya hapa nyumbani aghalabu hukataliwa, na vocha ya kuongezea fedha lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Mjomba aliyeko Texas akituma vocha ya dola kwa mtoto mwenye akaunti ya Uingereza, vocha hiyo haitaingia.

CD haiulizi unaishi wapi. Gemu za PlayStation 4 na 5 hazina kufuli la kanda, kwa hiyo iliyonunuliwa Dubai itacheza Mwanza bila tatizo, ingawa nyongeza zinazonunuliwa mtandaoni zitahitaji akaunti ya kanda inayolingana na CD. (Filamu zilizo kwenye CD za Blu-ray ni habari nyingine; hizo bado zina kanda.) Zaidi ya hayo, CD huazimwa, hubadilishwa na kuuzwa. Kijana aliyemaliza gemu yake anaweza kuipeleka dukani Kariakoo, akaongeza fedha kidogo na kuondoka na nyingine, au akabadilishana na jirani kwa wiki moja bila kutoa chochote. Gemu iliyopakuliwa hubaki kwenye akaunti milele, hata kama mtoto ameichoka siku ya tatu.

Kwa sababu hizo, na kwa sababu watoto wengi ninaoulizwa habari zao wanataka mpira kabla ya kitu kingine chochote, ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye bajeti ya kawaida huwa ni PlayStation 4 iliyotumika na kutunzwa vizuri. Najua ni mashine ya 2013. Lakini EA Sports FC, gemu ya mpira ambayo jina lake lilichukua nafasi ya FIFA tangu toleo lililotoka mwaka 2023, bado imetolewa kwa PlayStation 4 hata katika FC 26, na eFootball, ambayo wakubwa tuliijua kama Winning Eleven na baadaye Pro Evolution Soccer, ni ya bure tangu 2021 na haidai ada ya kila mwezi ili kucheza na watu mtandaoni. Isitoshe, karibu CD zote za PlayStation 4 hucheza kwenye PlayStation 5 yenye tundu, hivyo kinachonunuliwa leo hakitatupwa familia itakapopanda daraja. Kinyume chake hakiwezekani, na CD ya PlayStation 3 haichezi kwenye mojawapo ya hizo mbili.

Anayenunua iliyotumika asikubali kuonyeshwa taa ikiwaka tu. Aiwashe na kucheza kwa muda wa kutosha mpaka mashine ipate moto, asikilize kama feni inavuma kupita kiasi, aingize CD na kuitoa zaidi ya mara moja, atikise kidogo waya wa HDMI aone kama picha inakatika, maana tundu la HDMI ni sehemu inayovunjika sana na kulibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi. Aweke pedi mezani bila kuigusa aone kama mchezaji wa kwenye kioo anatembea mwenyewe. Kisha aingie mtandaoni, kwa kuwa mashine iliyofungiwa na kampuni huonekana nzima mpaka dakika ile inapojaribu kuunganishwa. Akaunti ya mwenye mali ifutwe mbele yake kabla fedha hazijabadilisha mikono.

Mwenye uwezo zaidi anunue PlayStation 5 yenye tundu, na asisubiri ile kanuni ya zamani kwamba mashine hushuka bei kadiri inavyozeeka. Kizazi hiki kimeivunja. Ile iliyouzwa Marekani kwa dola 499.99 mwaka 2020 ilipandishwa hadi 549.99 mwezi Agosti 2025, na Xbox nazo zilipanda mara mbili mwaka huo huo.

Kuhusu Xbox sina mengi. Ni mashine nzuri, na huduma yake ya Game Pass inampa mchezaji rundo la gemu kwa malipo ya mwezi, lakini inategemea mambo mawili niliyokwisha kuyataja, intaneti ya uhakika na njia ya kulipa kwa fedha za kigeni. Kwa Series S, isiyo na tundu, hakuna mlango wa pili. Na mtaani kwetu ni nadra kumpata jirani wa kubadilishana naye.

Nintendo Switch ndiyo ninayoipendekeza kwa watoto wadogo, wa miaka mitano hadi kumi hivi, kwa kuwa gemu zake nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya familia kucheza pamoja, na kwa kuwa ina kioo na betri yake yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika mchezo unaendelea. PlayStation 5 hula takribani wati 200 gemu nzito inapochezwa, yaani saa tano humaliza uniti moja ya LUKU bila kuihesabu televisheni, wakati Switch hata ikiunganishwa kwenye televisheni haifiki wati 20. Udhaifu wake ni kaseti, ambazo ndizo hubeba gemu zake badala ya CD: ni ghali, hazishuki bei kwa urahisi, na madukani kwetu ni chache, hivyo inafaa zaidi familia yenye mtu Dubai, Muscat au Doha wa kuziagiza. (Kaseti hizo zimepakwa kitu kichungu makusudi ili watoto wasizimeze, na kila mtu mzima ninayemjua ameilamba moja kuhakikisha.) Switch Lite haiunganishwi kwenye televisheni kabisa. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inacheza gemu nyingi za ile ya kwanza, lakini ina mitego miwili: toleo la bei nafuu linalouzwa Japani hutumia Kijapani tu na akaunti za Japani pekee, na baadhi ya kaseti zake ni ufunguo tu, gemu yenyewe inabidi ipakuliwe.

Atakayeagizia nje asome kibandiko cha umeme. PlayStation 5 hupokea volti 100 hadi 240, lakini baadhi ya mashine za zamani za Japani na Marekani huungua zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu. Televisheni nayo iwe na HDMI. PlayStation 4 na 5 hazina nafasi ya zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Mashine zinazoonekana kama PlayStation 5 kwa sura, zikiwa na jina linalokaribiana nalo na ahadi ya mamia ya gemu ndani yake, huwa zina gemu za enzi ya kaseti za miaka ya 1980. Si dhambi kuzinunua, mradi bei iwe ya kitu hicho na mtoto asiahidiwe kingine.

Kwenye kasha la gemu kutoka Ulaya kuna namba ya PEGI, inayoonyesha umri wa chini wa mchezaji, na 18 maana yake ni mtu mzima. Grand Theft Auto V, inayoombwa na kila mtoto wa darasa la sita, ina namba hiyo, na ile ya Marekani imeandikwa herufi M. FC 26 ni 3. Mzazi afungue sanduku siku kadhaa kabla ya sikukuu, aunde akaunti yake kwanza na ya mtoto chini yake, aweke ukomo wa saa na wa matumizi ya fedha, kisha aache masasisho yashuke usiku, ili asubuhi ya Krismasi isiishie kwenye mstari wa bluu unaosogea polepole.

Jambo la mwisho la kuwekea fedha pembeni ni pedi ya pili, kwa kuwa sanduku la PlayStation huwa na moja tu na mpira huchezwa na wawili. Iwe halisi, kwani za bandia zimejaa. Na mwenye pedi ya zamani ya PlayStation 4 asidhani ameokoa gharama hiyo: inakubali kwenye PlayStation 5, ila kwa gemu za PlayStation 4 tu.