Nilivyoiandaa Kwaya ya Vijana wa Mwanza kwa Onyesho la Jazi

Kwaya ninayoifundisha hapa Mwanza ina wanafunzi wa sekondari na wachache waliokwisha kumaliza kidato cha nne. Wanatoka Kirumba, Pasiansi, Igoma na hata Buhongwa, na karibu wote wamekulia katika nyimbo za ibada zinazoimbwa kwa sauti nne na kusomwa kwa solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi kama d, r, m. Tulipoalikwa kuimba katika onyesho la jazi pamoja na bendi ndogo yenye kinanda, gitaa la besi, dramu na saksafoni, nilijua kwamba noti hazingetushinda, kwa kuwa vijana hawa wanazisoma vizuri kuliko watu wazima wengi. Kazi ilikuwa katika mapigo.

Mwanakwaya aliyezoea nyimbo za ibada huuweka uzito kwenye pigo la kwanza na la tatu bila hata kufikiri. Hata muziki wa dansi ambao vijana huusikia kwa wazazi wao, wa bendi kama Western Jazz na Morogoro Jazz, kwa sehemu kubwa husukumwa na rumba, ambayo huligawa pigo sawasawa. Katika swingi, yaani mwendo wa kubembea wa jazi, pigo hugawanywa sehemu tatu, noti ya kwanza ikachukua mbili na ya pili ikabaki na moja, huku mkazo ukihamia pigo la pili na la nne. Karatasi ya solfa haiwezi kumfundisha mtu jambo hilo, na kwa sababu hiyo majuma ya mwanzo sikugawa karatasi yoyote. Tulisimama duara, miguu ikikanyaga pigo la kwanza na la tatu, makofi yakipigwa la pili na la nne. Kisha nikawataka watamke "ti-ri-ti" ndani ya kila pigo, na walipotulia nikawaambia waimeze silabi ya katikati. Kinachobaki mdomoni ndicho swingi. Vijana waliowahi kucheza ngoma waliipata upesi, kwa maana mgawanyo wa tatu tatu walikuwa nao mwilini tayari, nikawasimamisha katikati ya wenzao waliokuwa bado wanasita. Tulifanya hivyo kwa mwendo wa polepole kwanza, kwa sababu mwendo ukikaza noti ndefu na fupi hukaribia kulingana, na sikio changa haliwezi tena kuzitenganisha.

Katika kipindi hicho mzee mmoja wa kanisa alinifuata baada ya mazoezi, tukasalimiana, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, muziki huu si wa baa?" Nilimjibu kwa heshima kwamba jazi ilikuzwa na Wamarekani weusi ambao uimbaji wa kanisani ulikuwa mmoja wa mizizi yao, na kwamba Duke Ellington mwaka 1965 aliipeleka bendi yake ndani ya Grace Cathedral, San Francisco, kwa onyesho la muziki mtakatifu, na mwaka 1973 akafanya jingine Westminster Abbey, London. Nilimwomba aje asikilize mwenyewe. Alikuja, akakaa hadi mwisho, na baadaye ndiye aliyewaeleza wazazi waliokuwa na wasiwasi kama wake.

Solfa tuliirudia tulipofika kwenye sauti nne, na hapo ilitufaa sana. Wimbo wetu mmoja ulifuata mpangilio wa bluzi wenye vipimo 12: vinne vya akodi ya kwanza (akodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na huitwa kwa namba ya noti inapojengwa), viwili vya akodi ya nne, viwili vya kurudi nyumbani kwenye ya kwanza, kimoja cha akodi ya tano, kimoja cha akodi ya nne, na viwili vya kumalizia. Akodi zote tatu zina noti ya saba, ukihesabu kutoka noti ya msingi ya akodi, na hilo ndilo lililowatatiza, kwa sababu katika nyimbo za ibada akodi ya namna hiyo hudai kutatuliwa mara moja kwa kuhamia akodi tulivu, lakini kwenye bluzi hukaa na kutulia. Niliwaandikia d-m-s-ta kwa akodi ya kwanza na f-l-d-ma kwa ya nne (ta na ma ni t na m zilizoshushwa nusu toni), kisha nikawaonyesha soprano na alto kwamba kazi yao ni ndogo kuliko wanavyodhani: akodi ya kwanza ikienda kwenye ya nne, m hushuka nusu toni kuwa ma, na ta hushuka nusu toni kuwa l. Akodi ya tano inapofika baada ya ile ya kwanza, mwendo ni huo huo kwenda juu: m inakuwa f na ta inakuwa t. Alto waliimba mabadiliko hayo bila ala yoyote, tena na tena, hadi waliposikia wenyewe mahali noti inapolegea. Napenda sana sehemu hii ya kazi. Uso wa kijana hubadilika pale anapotambua kuwa noti yake moja ndiyo inayoigeuza akodi nzima.

Kuimba kwa kubuni papo hapo kulihitaji ujasiri zaidi kuliko ufundi. Niliwapa noti tano tu, d, ma, f, s na ta, na vipimo vinne kwa kila mmoja, wenzake wakimwitikia kwa kurudia alichoimba. Kuitika wanakujua tangu utotoni, na nyimbo za noti tano si ngeni kwa Wasukuma, kwa hiyo aliyeanza kwa kunong'ona alijikuta anajibiwa na kundi zima na kupata nguvu ya kuendelea. Wavulana ambao sauti zao zilikuwa zinavunjika niliwaweka kwenye mistari mifupi ya sauti ya tenori isiyopanda juu, bila kuwalazimisha kushuka kwenye besi kabla ya wakati.

Mazoezi ya pamoja na bendi yalihusu zaidi usawa wa sauti. Nilimwomba mpiga dramu atumie brashi badala ya vijiti, na spika ya gitaa la besi tukaihamisha kutoka nyuma ya waimbaji wa besi hadi kando yao, kwani walikuwa wakilifuata gitaa na kuacha kusikilizana. Ukumbi wetu ulikuwa wazi upande wa ziwa, na upepo wa jioni hubeba konsonanti zote. Tulizikaza herufi za mwisho za maneno na kuwasogeza waimbaji karibu na maikrofoni mbili, kila moja ikihudumia sauti mbili.

Jioni ya onyesho niliwahesabia mwendo kwa vidole, pigo la pili na la nne, na kwaya ikaingia pamoja. Katika wimbo wa bluzi mpiga saksafoni aliongeza mzunguko mmoja ambao hatukuupanga, na binti wa alto, bila kunitazama, akamwitikia kwa noti zake tano, kisha wenzake wote wakamfuata kwa sauti nne hadi vipimo 12 vikatimia.