Kusi la Julai, mkondo wa Pemba
Tulipakia saruji na unga Tanga kwenda Wete. Katikati ya mkondo upepo wa kusi ukachacha, shehena ikahama, meli ikalalia demani, upande upepo unakoelekea. Pampu ya kutoa maji ikazima.

Mimi na mwenzangu tulikuwa hatusalimiani tangu bandarini. Sote tunampenda binti mmoja, mpishi wetu. Nahodha alipoelekeza omo, mbele ya meli, kwenye mawimbi, tukashuka ngamani, chini kabisa ndani ya meli, sisi wawili, maji magotini, tukihamisha mifuko kwenda joshini, upande upepo unakotoka. Niliteleza kwenye unga uliolowa, mfuko ukanibana mguu. Jamaa angeweza kuniacha. Alinivuta kwa mikono yote miwili, tukaendelea kubeba.

Wete tulifika, alhamdulillah. Binti kamchagua yeye. Imeniuma sana, ila harusini nitakwenda, na nguo nimeshashona.