Winchi niliyoichagua kwa magogo ya Kabare

Shamba ninalovuna mikaratusi liko Kabare, jirani na mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, chini bondeni, na barabara inapita juu. Aliyewahi kuishi Bukavu ameshaelewa shida yangu: mti unaangukia chini, gari linasubiri juu, na katikati kuna mteremko wa udongo mwekundu ambao mvua ikishapiga, hata mtu asiye na mzigo anapanda kwa kushikilia majani. Zamani tulivuta kwa mikono. Kundi la vijana na kamba, mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Tuliacha kazi hiyo siku gogo lilipoponyoka, likarudi chini na kumvunja mguu kijana aliyekuwa nyuma yake akiweka kigingi. Alitibiwa akapona, anatembea vizuri. Lakini nilisema basi, hakuna mtu wangu atakayesimama tena nyuma ya gogo mlimani.

Nilipoanza kuulizia winchi, yaani mashine ya kuvuta mzigo kwa kamba au waya, kila muuzaji alinitajia tani. Hii inavuta tani moja, ile tatu. Mzee mmoja mpasua mbao, ambaye ameshusha na kupandisha miti tangu ujana wake, alinisikiliza nikihesabu hizo tani, halafu akaniambia: "Iyi muti haiombake nguvu, inaomba njia." Neno lake lilinifanya niache kuangalia mashine kwanza, nikaenda kuangalia mlima.

Nilipima hivi. Mkaratusi mbichi una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita moja ya ujazo. Gogo la mita 4, lenye upana wa sentimita 40, linakaribia nusu ya ujazo huo, yaani kama kilo 500. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, nusu ya uzito huo inavuta kurudi chini, na juu yake unaongeza msuguano wa gogo na udongo. Ukijumlisha, kulipandisha gogo la kilo 500 kunadai nguvu ya kama kilo 500 nyingine, na likigota kwenye kisiki, zaidi ya hapo. Kwa hiyo nilihitaji mashine inayovuta tani moja kwa kamba moja, na ambayo watu wawili wanaweza kuishusha bondeni kwa miguu. Zaidi ya yote, nilihitaji urefu: kutoka kisiki cha mwisho mpaka barabarani ni zaidi ya mita 80.

Urefu huo ndio uliochuja mashine zote.

Winchi ya umeme ya volti 12, ile inayofungwa mbele ya gari, niliikataa mapema. Inakula betri vibaya sana ikiwa na mzigo mzito, inapata joto na lazima uipumzishe, na waya wake kwa kawaida hauzidi mita 30. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: nguvu iliyoandikwa inapatikana pale tu waya unapobaki tabaka la kwanza kwenye ngoma, yaani gurudumu linaloukunja. Kadiri waya unavyojikunja juu ya mwenzake, nguvu inapungua.

Tirfor, winchi ya mkono inayovuta waya kwa kusukuma wenzo, niliifikiria kwa muda mrefu, na bado naiheshimu. Ile ya kilo 1,600 inafanya kazi polepole bila kelele, mataya mawili yanashika waya kwa zamu, mzigo haurudi nyuma hata ukiachia mkono, na ukizidisha, pini za usalama zinakatika kabla ya mashine kuharibika. Lakini kila ukisukuma wenzo unapata sentimita chache tu. Kwa jiwe, kwa gari lililozama kwenye matope, kwa kunyanyua injini garajini, sijui chombo bora kuliko hicho. Kwa mita 80 za mlima, gogo baada ya gogo, vijana wangekwisha kabla ya miti.

Nikachagua winchi ndogo ya esansi, yaani petroli, yenye kichwa cha kuzungushia kamba. Kamba haihifadhiwi ndani yake. Unaizungusha mara tatu au nne kwenye kichwa, unashika mkia wake, mashine inavuta na wewe unapokea kamba inayotoka. Kwa hiyo urefu hauna mpaka, mita 20 au 200 ni sawa, na nguvu ni ileile mwanzo hadi mwisho. Yangu ina uzito usiofika kilo 20. Injini yake ni Honda ndogo ya mipigo minne, na hilo lilikuwa sharti langu: mafundi wetu wa Kadutu, mjini Bukavu, wanaijua Honda, na inakunywa esansi tupu. Msumeno wetu wa mnyororo unataka esansi iliyochanganywa na mafuta, basi nimepaka madumu rangi mbili tofauti ili mtu asikosee hata giza likiingia.

Jambo lingine la kwetu: Bukavu iko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, na Kabare tunapanda zaidi. Injini ndogo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukinunua mashine inayotosha kamili kwenye karatasi, huku mlimani haitatosha.

Kamba ndiyo ninayotaka usikie vizuri zaidi. Sokoni zimejaa kamba za plastiki za bei nafuu. Kwenye kichwa cha winchi kamba inasuguana na kupata moto, na plastiki ya aina ile inayeyuka mapema. Nailoni nayo inanyumbuka kama mpira, na ikikatika inarudi na nguvu yote iliyokuwa imehifadhi. Tafuta poliesta iliyosukwa, isiyonyumbuka sana. Usiunge kwa fundo kamba ya kuvutia: fundo linaweza kuipunguzia karibu nusu ya nguvu yake. Kabla ya kazi ninaipitisha yote kati ya vidole, polepole, nikitafuta sehemu iliyokuwa ngumu, iliyong'aa au iliyovimba. Sehemu kama hiyo ninaikata siku hiyohiyo.

Nilinunua pia puli. Ukiifunga kwenye gogo na kurudisha kamba juu, nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unashuka nusu. Lakini puli iliyofungwa kwenye mti ili kugeuza kamba irudi ilikotoka inaubebesha mti huo karibu mara mbili ya nguvu unayovuta. Mti mwembamba unang'oka. Pale juu barabarani hatuna miti mikubwa, kwa hiyo tulichimba mtaro wa kina cha zaidi ya mita moja, tukalaza gogo zito ndani kwa upana, tukalifunga mkanda na kulifukia. Ukuta wa mtaro upande wa bonde tuliuacha wima, haukuchimbuliwa, maana ndio unaozuia. Nanga hiyo haijasogea.

Kwa ncha ya gogo, fundi wa kuchomelea alikata pipa la lita 200 na kulikunja kama pua. Gogo linaingia humo, halichimbi udongo wala kukwama kwenye visiki. Mahali pabaya tunatandika vigogo vya migomba, vikipondeka vinateleza. Hapo ndipo nilipolielewa neno la yule mzee: tangu pua na migomba, magogo yaliyokuwa yakiifanya injini iungurume sasa yanapanda bila purukushani.

Anayeshika mkia wa kamba ndiye anayeamuru. Akilegeza, kuvuta kunasimama. Hakuna anayesimama chini ya gogo, wala ndani ya pembe ambamo kamba ingechapa ikikatika. Mashine hii ni ya kuburuta tu, na anayetaka kunyanyua mzigo hewani atafute Tirfor.

Majirani wanaiazima, na sikatai. Ila inakwenda na kijana wangu mmoja, yeye ndiye anayeshika mkia, na mvua ikianza analeta mashine nyumbani hata kama limebaki gogo moja.